Tambarare, Mbwa Asiye na Tuta

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mifupa ya ng'ombe ikichemka ndani ya debe pamoja na unga wa mahindi usiochekechwa, juu ya moto wa matawi ya mibuni. Ilikuwa harufu nzito yenye mafuta, na ilitoka nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja, kwenye mwinuko uliotazamana na kijiji chetu, upande wa juu wa Embu ambako mashamba hukutana na msitu wa Mlima Kenya. Nilikuwa na miaka tisa. Mama ndiye aliyekoroga debe lile kwa mwiko mrefu, nami niliketi juu ya jiwe nikimeza mate, kwa sababu chakula kile hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mbwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa uhuru waliojificha msituni. Baba alikuwa amechukuliwa asubuhi moja akiwa shambani, jembe likabaki limesimama kwenye mtaro, na tangu siku hiyo tulijua tu kwamba yuko kambini, mbali, mahali pa joto. Sisi tuliobaki tuliondolewa kwenye boma letu na kurundikwa kijijini, nyumba zimebanana kama meno, tukazungushiwa seng'enge na handaki ambalo mama zetu walilichimba kwa mikono yao na kulipanda miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Asubuhi tuliruhusiwa kwenda mashambani, na filimbi ikilia alasiri kila mtu alipaswa kuwa njiani kurudi. Aliyekutwa nje baada ya hapo, hasa kwenye ukanda uliofyekwa kando ya msitu, alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Mbwa wetu wa kienyeji waliuawa wote siku tuliyohamishwa, kwa amri ya mkuu wa kijiji. Kijiji kilikuwa kimya kwa namna ambayo mtoto huihisi ingawa hawezi kuieleza.

Mama alipata kazi kwa yule Mzungu, ambaye watu walimwita Bwana Miche kwa sababu shughuli yake ilikuwa kukagua miche ya kahawa. Kazi ya Mama ilikuwa kufua nguo na kumpikia mbwa wake, na kwa kazi hiyo alipewa kibali cha kuwa nje hadi jioni. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, jina lake Besi. Sijapata kuona mnyama kama yule. Rangi yake ilikuwa ya udongo wetu mwekundu jua likianza kuukausha baada ya mvua, masikio yameanguka, kifua kipana, miguu mirefu kama ya mnyama wa mbio. Lakini kilichotutisha ni mgongo wake. Katikati, kuanzia mabegani hadi karibu na kiuno, nywele ziliota kinyume, zikielekea kichwani, zikafanya mstari uliosimama kama tuta la viazi vitamu. Mwanzo wa tuta hilo palikuwa na mizunguko miwili ya nywele, mfano wa ule ulio utosini mwa mtoto. Wanawake walisema ni nyoka aliyefichwa chini ya ngozi. Wengine walisema yule si mbwa kamili, ni mtoto wa simba.

Aliyenieleza ukweli, au sehemu kubwa ya ukweli, alikuwa Mzee Sefu, mchinjaji wa Kiislamu aliyekuwa na bucha mjini Embu. Mama alinituma kwake mara mbili kwa wiki kuchukua mifupa, nikiwa na karatasi ya ruhusa ya Bwana Miche. Mzee Sefu alizaliwa Meru mjini, babu yake alifika huko na misafara ya biashara, naye ujanani aliendesha lori la mwindaji mmoja wa Kizungu upande wa Isiolo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kisu kikienda na ulimi ukienda.

"Huyo mbwa mnayemwogopa, nusu yake ni ya Waafrika," aliniambia siku moja, akiifunga mifupa kwenye gunia. "Yule mwindaji wangu alikuwa nao watatu. Wanatoka kusini kabisa, kule bara linakoishia. Wafugaji wa huko walikuwa na mbwa wembamba wenye tuta mgongoni, wanalala nje na ng'ombe. Wazungu walipofika na mbwa wao wakubwa, kupe na jua vikawamaliza. Wakaona wale wa wenyeji hawafi. Wakachanganya."

"Wanaua simba kweli, Mzee?"

"Nani aue simba? Mbwa akimrukia simba ni marehemu. Hawa kazi yao ni kumzuia. Wanamzunguka, hawamuumi, hawakimbii, wanamchosha akili mpaka mwenye bunduki afike. Ndiyo akili yao, mwanangu. Mbwa mpumbavu huuma. Mbwa huyu husimama."

Baadaye sana, nikiwa mwalimu, nilisoma habari za mbwa hao, ambao Wazungu huwaita Ridgeback kwa ajili ya lile tuta, nikakuta Mzee Sefu alikosea jambo moja tu: naye aliamini wana tone la damu ya simba. Mengine yote yalikuwa kama alivyosema. Hata tabia aliieleza sawasawa. Besi hakubweka ovyo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini yule alikuwa debe lililojaa. Mgeni akifika, aliinuka, akamtazama, akasimama kati yake na mlango. Hakujipendekeza kwa mtu. Ilimchukua Mama miezi miwili kumgusa kichwa. Na bado mdogo wangu Igoki, aliyekuwa na miaka minne na ambaye Mama alimchukua kazini siku nyingine, alimwendea siku ya kwanza tu akakaa akimwegemea ubavuni kama mtu anayeegemea ukuta uliopata jua. Besi aligeuza shingo, akamnusa utosini, akarudisha kichwa chini.

Kosa lililofuata lilikuwa langu, na nimelibeba hadi uzee. Siku hiyo Mama alikuwa kazini, nami nilikwenda shambani na majirani, Igoki akiwa nami. Jua lilipokuwa kali nilimlaza juu ya shuka langu chini ya migomba, nikaendelea kuchimba viazi. Filimbi ilipolia wanawake walianza kukimbia, kila mtu na kikapu chake, nikaona mtoto mgongoni mwa jirani yetu, kichwa kimefunikwa kwa kanga, nikaamini ni Igoki. Nikakimbia pamoja nao. Tulikuwa karibu na njia panda ya nyumba ya Bwana Miche yule mtoto alipogeuza uso. Hakuwa Igoki. Alikuwa mtoto wa yule jirani.

Sikumwambia mtu. Nilichepuka, nikapanda ule mwinuko mbio, nikamkuta Mama anaanua nguo. Nilianza kusema, na mama hahitaji sentensi nzima. Alitazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu.

"Umemwacha wapi?"

"Kwenye migomba."

Bwana Miche alikuwa safarini Meru kwa siku mbili. Mama alisimama kidogo, shati la Mzungu bado mkononi, kisha akalitupa kwenye beseni. Alijua kwamba kibali chake kilikuwa cha nyumba ile na njia ya kurudi kijijini, si cha mashamba. Alijua pia ni adhabu gani ingempata akimgusa mbwa wa Bwana bila ruhusa. Lisilo budi hutendwa. Alichukua kamba ya katani, akaifunga shingoni mwa Besi, akaniambia, "Twende. Wala usiite jina lake. Ukipiga kelele watatusikia kabla hatujamwona."

Tulikuta shuka langu chini ya migomba, limekunjika, na joto la mtoto limeshatoka. Mama alimnusisha Besi shuka lile. Mbwa yule hakufunzwa kufuata nyayo kama mbwa wa polisi, lakini harufu ya Igoki aliijua. Alizunguka mara moja, mara mbili, kisha akatuvuta. Hakutuvuta kwenda kijijini. Alituvuta kwenda juu, kuelekea msituni.

Tulivuka kijito, tukafika pale miti ilipokwisha kufyekwa. Mbele yetu palikuwa na weupe wa visiki na majivu, na ng'ambo yake ukuta wa msitu. Mama alisita. Besi hakusita. Kamba ilichomoka mkononi mwa Mama ikimchubua kiganja, mbwa akaingia kwenye ukanda uliokatazwa kwa mwendo mrefu usio na sauti. Mama alimfuata, nami nikamfuata Mama, kwa kuwa sikuona mahali pengine pa kwenda. Nyuma ya gogo lililoungua tulimkuta Igoki ameketi, midomo myeusi kwa matunda ya mwitu, mkono mmoja tayari uko juu ya mgongo wa Besi. Hakulia hata kidogo. Alituonyesha matunda.

Mama alikuwa ameinama kumwinua tuliposikia, "Simama hapo!"

Walikuwa homugadi watatu, wenyeji waliopewa bunduki na serikali ili watulinde na kutuchunga, na aliyetangulia, bunduki begani imetuelekea, alikuwa Njagi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu kabla ya kuhamishwa. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi. Nilimwona anatuona, nikaona pia kwamba hakuishusha bunduki. Wenzake walikuwa nyuma yake wakimtazama atafanya nini, na mtu anayetazamwa si huru.

Besi alitoka kando ya Igoki, akaja mbele, akasimama. Hakubweka. Hakuonyesha meno. Tuta la mgongoni lilisimama wima, miguu imekita, macho hayatoki kwa Njagi. Kila Njagi aliposogea kushoto apate nafasi ya kutuona vizuri, mbwa naye alisogea kushoto, hatua moja, bila haraka.

"Mama Wanja, mshike huyo mbwa," Njagi alisema, akimwita kwa jina langu.

"Simshiki."

"Unajua uko wapi?"

"Najua. Nimemfuata mtoto. Mtazame, huyu hapa, unamjua jina." Sauti ya Mama ilikuwa ya mtu anayezungumza sokoni. "Ukipiga itabidi uanze na huyu aliye mbele. Na huyu si wangu, ni wa Bwana Miche. Utamweleza wewe mwenyewe."

Upepo ulipita juu ya majivu. Njagi alimtazama mbwa kwa muda ambao mimi niliuona kama msimu mzima. Kisha bunduki ikashuka. "Pitieni kijitoni," alisema, bila kumtazama Mama usoni. "Sisi hatukuona mtu." Akageuka kwa wenzake akasema kwa ukali kwamba wanamchelewesha.

Kwa miaka mingi jambo hili lilinichoma, kwamba mbwa wa Mzungu alikuwa na thamani mbele ya bunduki kuliko sisi watatu. Linanichoma hata sasa. Lakini kadiri ninavyozeeka ninafikiri pia kwamba huenda Njagi alikuwa akitafuta sababu ya kutopiga, sababu ambayo wenzake wangeikubali, na Besi alimpa. Mama mwenyewe alipendelea kuamini hivyo. Walisalimiana hadi Njagi alipokufa.

Bwana Miche aliporudi, Mama alimweleza yote kabla hajaambiwa na mwingine, akamwonyesha miiba iliyomkwaruza mbwa. Mzungu alisikiliza hadi mwisho. "Mara ingine hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha vipande, akaingia ndani. Tulingoja Mama afukuzwe, lakini hakufukuzwa.

Mvua za masika zilipoanza Besi alizaa watoto saba. Sita walikuwa na tuta. Wa saba, dume lenye miguu minene, mgongo wake ulikuwa laini kama wa mbwa yeyote. Hapo ndipo nilipojifunza upande mchungu wa habari za ukoo ule: waliowafuga kwa sifa waliona mtoto asiye na tuta ni aibu, wakamuua siku ile ile. Bwana Miche alimwinua kwa shingo akamwambia Mama, "Hii hapana kazi. Tia maji." Ndoo ilikuwa pale pale.

"Bwana, nipe mimi," Mama alisema.

"Wewe fanya nini nayo?"

"Nitampa kazi."

Mzungu aliinua mabega. Mama alimweka mtoto wa mbwa kifuani, ndani ya nguo. Kijijini hangeweza kuingia naye, kwa hiyo mtoto aliendelea kunyonya kwa Besi, na alipoachishwa nilimpeleka kwa Mzee Sefu ndani ya lile gunia la mifupa. Mzee alijikuna ndevu. Alisema mbwa wa kulinda mifugo dini haimkatazi, bora tu asiingie nyumbani wala asitie mdomo kwenye vyombo vyake, naye alikuwa na zizi la ng'ombe wa kuchinjwa lililohitaji macho. Akampapasa mgongo kwa ncha ya fimbo, akacheka. "Huyu hana mlima. Huyu ni Tambarare." Jina likakaa.

Tambarare alilinda zizi la watu hadi vijiji vilipofunguliwa nasi tukaruhusiwa kujenga tena kwenye ardhi yetu. Mzee Sefu alimrudisha mwenyewe, kwa miguu, akisema amana ni amana. Alikuwa mkubwa kuliko mama yake, na pale mgongoni alipokosa tuta hakukosa kitu kingine chochote: ule ukimya, ule usimamaji, ile tabia ya kumpima mtu kabla ya kuamua.

Mwaka huo huo Baba alirudi. Nilikuwa nikipeta maharagwe uani nilipomwona mtu mwembamba anapanda njia yetu, blanketi chini ya kwapa. Kabla sijamtambua, Tambarare alikuwa ameshasimama katikati ya njia. Yule mtu alimwona mbwa. Blanketi likaanguka. Akachuchumaa, akaweka mikono yote miwili nyuma ya kichwa, macho chini, akabaki hivyo, kwenye njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

Mama alitoka jikoni akakimbia. Alimshika mbwa shingoni, akamsogeza. "Nyaga," aliita jina la Baba, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Nyaga, inuka. Umefika." Ilichukua muda.

Jioni ile Baba alisema maneno machache. "Miaka minne nimelindwa na mbwa. Huyo arudi kwa mchinjaji." Mama alimsimulia habari za Igoki na Besi, akimwonyesha kovu la kamba kiganjani. Baba alisikiliza, akamwangalia Igoki, ambaye hakumkumbuka na alikuwa amejificha nyuma yangu. "Basi akae," alisema, "lakini nisimwone karibu." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi hatukumlaumu. Ajabu ni kwamba mbwa alielewa. Alihamia upande wa pili wa ua, mahali ambapo Baba aliweza kumwona daima, akalala huko wiki baada ya wiki. Hakumfuata na hakumwomba chochote.

Kisha Baba alikwenda Kiritiri, nchi kavu ya Wambeere huko chini, kuchukua mbuzi wanane ambao ndugu yake alimtunzia miaka yote ile. Aliondoka peke yake. Tulipoamka tukakuta Tambarare hayupo. Baba alitueleza baadaye kwamba alimgundua nyuma yake, umbali wa kurusha jiwe, akamtupia madongoa, naye akasimama hadi madongoa yaishe, akaendelea kufuata.

Alirudi siku ya nne badala ya siku ya pili. Tulimwona kwa mbali, mbuzi wanane wametangulia, yeye nyuma, na mbwa ubavuni mwake. Mama alimpa maji, akangoja. Baba alikunywa, akasema kwamba walipofika karibu na Gachoka ile homa ya kambini, ndiyo iliyomchelewesha, ilimrudia akaanguka chini ya mgunga, mchana kweupe, akapoteza fahamu. Alipozinduka jua lilikuwa limesogea sana. Mbuzi wote walikuwa wamelala kivulini, hakuna aliyepotea, na Tambarare ameketi hatua mbili kutoka kwake.

"Alikuwa amenipa mgongo," Baba alisema. Akapangusa mdomo. "Kule kambini mbwa walikuwa wakitutazama sisi. Kutwa kucha, wanatutazama sisi. Huyu alikuwa anatazama nje."

Hapo akalia, mbele yetu, mtu ambaye hakulia alipochukuliwa wala aliporudi, na Igoki akatoka nyuma yangu akaenda kuketi karibu naye. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilianza kuwa nyumba. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapanda kahawa yake mwenyewe, akatusomesha sote wawili. Tambarare alikufa kwa uzee, akazikwa kwenye mpaka wa shamba, na watoto aliozaa na mbwa wa kienyeji walienea milima yote ile, wengine wakiwa na tuta, wengine bila.

Siku hizi mji wa Embu umejaa mageti ya chuma yenye picha ya mbwa mkali. Wengi wa mbwa hao hufungiwa kwenye vibanda mchana wote, wakitoka wanabwekea hata majani, na wenye nyumba hudhani huo ndio ulinzi. Jirani yangu kijana amenunua Ridgeback kutoka Nairobi, mnyama mzuri wa rangi ile ile ya udongo. Alinionyesha kwa fahari karatasi zake: jina la baba, jina la mama, muhuri, saini. Nilizishika nikazisoma zote kwa heshima. Sikumwambia nilichokuwa nikiwaza, kwamba nilipokuwa mtoto sisi ndio tuliotembea na karatasi, na asiyekuwa nazo aliwekwa chini juani. Kijana yule hajawahi kuonyesha cheti ili apite njia ya kwao, na sioni kwa nini nimharibie asubuhi. Nilimwambia tu asimpige mbwa wake, asimfunge mnyororo, amwache awajue watoto. Kisha nikachukua kikapu changu nikashuka sokoni kununua ndizi, nikakawia huko kwa mazungumzo, nikarudi nilipotaka, kwa njia niliyoitaka.